Kwa Nini Tope Jeusi la Mtoni Linanuka

Kabla mchanga haujafundishwa kazi, maji yaliyopita chini yake yalibeba kila yalichopewa, kama mtoto asiye na adabu. Ukimwaga uchafu huku juu, wa kule chini anaunywa. Na vijidudu, hawa msiowaona leo, walikuwa wakubwa kama punje za ulezi, wamejilaza juu ya mchanga wakiota jua na kulalamika njaa. Chekeni tu, ndivyo ilivyokuwa.

Kando ya mto mmoja ambao wakati wa kiangazi maji yake hujificha mchangani, aliishi mjane aitwaye Nzilani. Kazi yake ilikuwa kulainisha ngozi. Aliziloweka shimoni pamoja na magome, akazikwangua, na yale maji yenye mafuta na manyoya akayamwaga papo hapo. Mchanga ukayanywa. Nzilani akadhani yameisha, maana binadamu asipokiona kitu husema hakipo.

Kiangazi kikakaza. Watu wa kule chini mtoni walipofukua mchanga kutafuta maji, walipata mchuzi wa ngozi. Wifi yake Mutheu, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa, akapanda na kata mkononi.

"Wifi, ngozi zako tunazivaa. Sasa wataka tuzinywe pia?"

"Mchanga ndio umeyapeleka huko," akasema Nzilani.

"Basi uambie uyarudishe. Wazee wamesema mwezi ukiandama na maji bado hivi, uhame. Na huko uendako uwahurumie watakaokaa chini yako."

Angehamia wapi? Ngozi ndizo zilizomlisha, na mto ulikuwa huo mmoja. Akawaendea vijidudu.

"Nyie mnaolia njaa, humu chini mna mafuta ya kuwashibisha hadi vitukuu."

"Milango ya mchanga ni myembamba," wakajibu, "na sisi tuna vitambi."

"Si mjigawe?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Mmoja akakatika akawa wawili, wawili wakawa wanne, bila posa wala mahari, mpaka wakawa wadogo kuliko vumbi. Wakazama. Wakateleza toka punje hadi punje wakifuata harufu ya mafuta. Aliyeshiba aling'ang'ania mchanga akajigawa tena. Aliyeachia alibebwa na maji akale mbele. Sauti yao ya mwisho ilisema, "Sisi hula polepole. Usitukimbize."

Siku zikapita. Nzilani akafukua karibu na shimo lake, akakuta tope jeusi linalonuka mayai viza. Akasema, hawa nao wamenifia humu. Akainua chungu cha maji makali ya majivu, yale ambayo walainisha ngozi hung'olea manyoya, amwage kukata uvundo.

Mkono ukasita. Tope lilikuwa likitoa mapovu. Nzilani akainama akatazama, akaweka na sikio. Maiti hacheui, akawaza.

Akakiweka chungu chini, akashuka akiufuata mto, akifukua shimo baada ya shimo. Tope likawa jeusi, kisha la kijivu, kisha mchanga mtupu. Alipofika kisimani kwa Mutheu, magoti yamechubuka, maji yalikuwa yametakata. Akamchotea. Mutheu akanywa funda moja, akangoja, akanywa tena.

"Yana ladha gani?"

"Ya maji," akasema Mutheu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Nzilani hakuhama. Ila wazee waliagiza amwage kidogo kidogo, na asithubutu kumwaga maji yake ya majivu hapo, kwa maana yangewaua walaji.

Na tangu siku hiyo, kisima cha kunywa huchimbwa mbali na uchafu, ili walioko katikati wapate nafasi ya kumaliza sahani. Wenyewe hawaonekani tena, na hawana harusi; hujigawa tu. Tope jeusi likikunukia, usizibe pua ukamtukana jirani. Kuna walioshiba wanacheua. Uchafu haupotei, nyie. Huliwa, na mlaji hakimbizwi.