Kifuniko cha Bahari

Hadithi inakuja, ipisheni ikae. Nyanya alinipa fumbo ambalo sijalitegua hadi leo: kifuniko cha bahari amekishika nani?

Zimwi lilikalia kisima cha mji, watoto wakakauka midomo. "Nileteeni maji matamu kutoka baharini, nitaondoka." Mhunzi akayachuja kwa nguo: chumvi. Mganga akayachuja kwa mchanga: chumvi. Bi Mize, mpishi, akayainjika chunguni, akafunika.

"Unapika mawimbi, bibi?" zimwi likauliza.

"Subiri yaive, babu."

Akainua kifuniko, akalidondoshea ulimini matone ya mvuke yaliyoning'inia ndani yake. Zimwi likalia. "Matamu! Mama aliniambia mvua hutoka baharini. Nikamwita mwongo, akafa sijamwomba radhi."

Likaondoka kisimani. Mji ukalihurumia, ukaamua zimwi lipewe kata ya kwanza ya maji kila alfajiri, na Bi Mize akalipelekea mpaka uzeeni.