Kima wa Ua wa Miiba

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma mmeitika kama mna njaa. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kisiwa, na katikati yake ua wa miiba. Kaskazini waliishi Wakole, kusini Wasinde. Walikuwa wamepigana tangu enzi za mababu, wakauana, wakachomeana nyumba, kisha wakapanda miiba wasionane tena.

Kuonana kukakoma, matusi hayakukoma. Asubuhi Wakole husikia nyuma ya miiba: "Wakole wezi, Wakole wachafu, Wakole hawajui kupika." Adhuhuri Wasinde nao husikia: "Wasinde wezi, Wasinde wachafu, Wasinde hawajui kupika." Ikifika jioni, mihogo imepungua huku, mahindi yamepungua kule.

Mwaka mmoja njaa ikapiga hodi. Mjane mmoja wa Kikole, Mwanatenga, akachukua mchi akaenda uani kumvizia mwizi. Akasikia kishindo ng'ambo. Akachungulia kwenye tundu, akamwona mwanamke naye ameshika mchi.

"Wewe nani?"

"Mkejuma, Msinde. Namngoja mwizi wa Kikole. Nadhani amefika."

"Rudisha mihogo yangu."

"Rudisha wewe mahindi yangu."

Mwanatenga akamwangalia vizuri. "Mwizi gani wewe, kanga inakuzunguka mara tatu?"

"Na wewe shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mahindi yangu umeyaweka wapi?"

Hapo juu ya miiba mtu akacheua. Kumbe si mtu, ni kima, tumbo kama ngoma.

"Endeleeni, kina mama," akasema. "Tunakula huku, tunakula kule. Tunatukana huku, tunatukana kule. Kawaambieni wenzenu, tuone nani atawaamini."

Kweli, hakuna aliyewaamini. Wakole walimcheka Mwanatenga. Wasinde walimwita Mkejuma msaliti. Basi wakapatana kwenye tundu lile lile, kisha kila mmoja akawaambia watu wake: "Kesho njooni uani. Mkae kimya, msikohoe, msipige chafya. Nikiwa nimesema uongo, nifukuzeni."

Wakaja wote, wakajibanza. Kima akapanda miibani, akasafisha koo, akawageukia Wakole: "Wakole wezi!" Akageuka upande wa pili: "Wasinde wezi!" Wasinde kwa Wakole walimwona kwa macho yao.

Msinde mmoja akaangua kicheko, Mkole akakidaka, na watu wakashika mapanga wakaifyeka ile miiba kutoka pande zote mbili. Kima yule na wenzake walikimbilia kusini, wakakuta fimbo. Wakakimbilia kaskazini, wakakuta fimbo. Mwisho wakahamia msituni kula matunda ya mwitu.

Lakini matusi yalikuwa ya kima. Maiti zilikuwa za watu. Wengine hawakuvuka mpaka wanakufa. Mkejuma alivuka siku ile ile.

"Kaka yangu aliuawa huku kwenu," akamwambia Mwanatenga. "Nataka kuliona kaburi lake."

Mwanatenga akampeleka kwenye kaburi la pekee la Msinde upande ule. Mkejuma alitazamia magugu. Akakuta pamefagiwa, na mawe yamepangwa.

"Nani anapafagia?"

"Mimi."

"Ulimjua?"

"Hapana. Nilikuwa napita hapa nikienda kisimani, nikaona hana mtu."

Mkejuma akaketi chini akalia. Mwanatenga akaketi karibu yake, akamngoja.

Hadithi yangu imekomea hapo. Kuni zimekwisha, nendeni mkalale.