Gari Lililotangaza Nuru Katika Ukungu

Wapendwa, kabla sijaendelea, tazameni ile taa ya nyuma, juu ya mlango. Kwaya ilipokuwa inaimba, taa hiyo ilififia kwa kila pigo la ngoma. Mama aliyeketi chini yake alijaribu kusoma, akashindwa, akafunga kitabu chake cha nyimbo. Jenereta letu ni dogo na tumelibebesha kazi nyingi. Niliiona taa hiyo Jumapili iliyopita pia, na ndiyo iliyonipa mfano wa leo.

Kulikuwa na kanisa moja huko juu kwenye mashamba ya chai, ambako ukungu huingia alfajiri na siku nyingine hautoki mpaka saa saba mchana. Kanisa hilo lilikuwa na gari kuukuu la matangazo. Juu ya paa zilifungwa spika mbili za honi. Ndani walikaa watu wawili, dereva na mzee wa kanisa aliyeshika mikrofoni.

Gari lilikuwa na tatizo. Mzee akianza kutangaza, taa za mbele zinafifia. Akinyamaza, zinarudi. Walibadilisha balbu mara mbili, haikusaidia. Mwishowe dereva alilipeleka kwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke mwenye banda lake karibu na stendi. Fundi alifungua boneti, akapima, akafunga.

"Taa zako haziumwi," alisema. "Zina njaa."

"Njaa ya nini?"

"Alteneta ndiyo inayopika umeme, na inazungushwa na injini. Gari likikimbia, chakula kinatosha. Nyinyi mnatembea kama mnasindikiza bibi harusi, halafu mmewasha spika, wipa na feni ya kukausha kioo. Wote hao wanakula sahani moja na taa. Betri inajaribu kujazia, nayo inachoka."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukiwa polepole, chagua. Unataka kusikika au unataka kuona?"

Dereva alifikisha maneno hayo. Mzee akacheka. "Kamwambie fundi wako sisi hatutembezi karanga. Ujumbe huu haunyamazi."

Ijumaa moja, saa mbili asubuhi, walitoka kutangaza mkutano. Ulikuwa unaanza kesho yake, na vijiji vitatu vilikuwa havijapata habari. Ukungu ulikuwa umefunika barabara. Mikaratusi ilitokea mmoja mmoja, ikasimama kando ya dirisha, ikaondoka. Dereva aliona kama gari ndilo lililosimama na nchi ndiyo inayopita, taratibu, bila dereva.

"Njooni kwenye nuru," mzee alitangaza. Taa zikafifia.

"Nuru imefika kijijini kwenu." Zikafifia tena. Weupe uliokuwa mbele ya kioo ukawa rangi ya chai ya maziwa.

"Mzee, sioni mbele," dereva alisema.

"Barabara hii umeipita tangu unabebwa mgongoni. Shika usukani."

Sasa twendeni upande wa pili wa ukungu huo. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anamkimbiza mkewe kituo cha afya kwa baiskeli. Uchungu ulikuwa umemshika mama alfajiri, na huyo alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mnyororo ukakatika karibu na kalavati, kidaraja cha mfereji. Mke akaketi kwenye ukingo wa zege, na akiwa pale wakasikia gari.

"Nenda kalisimamishe," mke alisema. "Na usiende kupiga soga. Mwanao ameshaanza safari."

Mume akakimbia. Lakini, wapendwa, ndani ya ukungu sauti haina upande. Mara ilitoka kushoto, mara nyuma, mara ikawa kama inatoka juu mbinguni. Angeona taa, angejua pa kwenda. Alitafuta taa, hakuziona. Akaingia katikati ya michai, akatoka na suruali imelowa mpaka magotini, akajikuta barabarani tena, hajui kama anamfuata mkewe au anamwacha. Akasimama. Pande zote sauti ilikuwa inamwita: njooni, njooni.

Niwaulize. Mtu huyu alikataa wito? Alikuwa kiziwi? Aliagizwa afanye nini ambacho hakukifanya?

Kule ndani ya gari, dereva alifika mahali ambapo hata boneti yake mwenyewe hakuiona vizuri. Akasimamisha gari. Mzee alikuwa katikati ya sentensi. Dereva akanyoosha mkono, akachomoa waya wa spika.

"Unafanya nini?"

"Nataka kuona, Mzee."

Akazima feni, akazima wipa, akaweka gia huru na kukanyaga mafuta kidogo. Taa zikapanda. Hatua nne mbele ya bampa alisimama mtu, mikono ameinyoosha mbele kama anayepapasa ukuta.

Mzee aliteremka. "Kijana, hukutusikia?"

"Shikamoo, Mzee. Nimewasikia tangu kule kwenye kalavati. Nilikuwa siwaoni." Kisha akasema, "Mke wangu anajifungua. Yuko kwenye kalavati, na sasa sijui liko upande gani."

Dereva akazima injini, akateremka. Wanaume watatu wakasimama barabarani, wakatega masikio. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani, tone, na baada ya muda tone jingine.

Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya gari, si mbali.

"Nyie. Mmemaliza kutangaza?"

Walikuwa wamempita. Alikuwa ameketi hapohapo kando ya barabara, na gari la kanisa lilipita mbele yake kwa umbali wa mkono. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na spika mbili zilikuwa juu ya kichwa chake zikimwambia aje kwenye nuru.

Walimweka kiti cha mbele, kile cha mzee. Mzee alikaa nyuma na baiskeli, mikrofoni mapajani, haina spika. Mtoto alizaliwa saa nne kasorobo, salama. Vile vijiji vitatu havikutangaziwa siku hiyo.

Ndugu zangu, gari hilo ni sisi. Sisemi tusitangaze. Spika si dhambi, na kioo lazima kikaushwe. Nasema umeme wetu ni mmoja. Tunaotumia kusema ndio huohuo tunaotumia kuona, na mwendo wetu si wa kasi. Tangu Januari tumefanya vikao kumi na vinne vya maandalizi ya sikukuu ya kanisa hili. Kumbukumbu zipo, nimezisoma. Nyumba ya tatu kutoka hapa, ukishuka kwenda bondeni, kuna baba aliyekatwa mguu mwezi wa sita. Kila Jumapili anatusikia, kwa sababu spika yetu ya nje imeelekezwa bondeni. Nani ameshuka kumwona? Mimi sijashuka. Nilikuwa naandaa mahubiri.

Tunasema watu wa mtaa huu ni wagumu, tumewaita miaka yote na hawaji. Pengine wamekuja. Pengine wako hatua nne mbele ya bampa, mikono imenyooshwa. Na pengine wengine tumeshawapita.

Ndugu wa mitambo, zima amplifaya. Zima yote, na kinanda pia. Nitasema kwa sauti niliyozaliwa nayo.

Mnaiona ile taa ya nyuma? Mama, fungua kitabu chako.

Sasa tukae kimya. Tusikilize kama kuna mtu tumempita.