Makaburi Matatu ya Punda Mmoja

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vipande vipande. Hawa wa mkekani wamewahi, wale wa mlangoni wamechelewa, na yule mzee pale amefungua kinywa bila kutoa sauti. Basi hadithi ya leo inawafaa nyote. Kaeni.

Hapo zamani za kale, babu zenu wakiwa bado hawajaota meno, palikuwa na mji wa kusaga nafaka. Wakubwa wa mji walikula ndani. Wanyama walikula walichotupiwa. Akifa mnyama aliburutwa mpaka jaani, fisi akamaliza kazi.

Siku moja akashuka Korongo. Miguu mirefu, mbawa zimechakaa, sauti mbovu, mbovu hasa. Lakini alileta habari. Alisema Mwenye Anga amewaona wanyama wote, wa zizini na wa jaani, na kwake wote ni watoto wa nyumba moja. Basi wale chungu kimoja. Asitie mmoja mdomo mpaka wa mwisho afike. Na akifa mwenzao wamzike wote, fisi asimguse.

Mbuzi akaamini. Bata akaamini. Kondoo akaamini. Punda akaamini kuliko wote, maana yeye alimwona mama yake akiburutwa kwenda jaani.

Punda huyo alikuwa mtumwa wa msagaji. Kutwa alizungusha jiwe. Krrr, krrr, krrr. Jua likizama ndipo anafunguliwa. Kwata, kwata, anakuja bandani. Anakuta chungu cha pumba kimejaa, wenzake wamekizunguka, wanamngoja, mate yanawatoka.

"Karibu, dada," Bata anamwambia. "Tumbo langu limekutukana sana, lakini mimi nimekungoja."

Wanacheka. Wanakula.

Korongo akaruka kwenda miji mingine. Nyuma yake akaja Kasuku. Huyo sasa! Habari ni ile ile, lakini aliieleza kwa maneno matamu mpaka Bata akasahau kufunga mdomo. Naye akaruka, akaenda zake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Korongo alipokuwa akishukuru kabla ya kula, alisimama kwa mguu mmoja. Ni korongo, ndivyo wanavyosimama. Mbuzi akasema hiyo ndiyo shukrani ya kweli. Akainua miguu mitatu. Pu. Akainuka, akajaribu tena. Pu. Na wafuasi wake nyuma yake, pu, pu, pu, ibada nzima ikawa ya kuanguka. Bata akasema huo ni upuuzi, Kasuku alishukuru akiwa ameinamisha kichwa upande, na Kasuku ndiye msomi. Watu wake wakainamisha vichwa upande mpaka shingo zikakataa kurudi. Kondoo akasema yeye si wa Korongo wala si wa Kasuku, yeye ni wa Mwenye Anga moja kwa moja. Alisema hivyo asubuhi, akasema mchana, akasema jioni, kwa majivuno yaliyowashinda wote wawili.

Msicheke sana. Subirini.

Chungu kimoja kikawa vyungu vitatu. Kila kundi na pembe yake ya banda. Na kila kundi likaanza kula mapema, lisije likaonekana limewangoja wale wengine.

Jioni ya kwanza ya vyungu hivyo Punda akaja. Kwata, kwata. Akakuta vyungu vitatu, vyote vimerambwa. Akauliza fungu lake. Mbuzi alidhani Bata amemwekea. Bata alidhani Kondoo amemwekea. Kondoo akasema yeye anamwombea.

"Kwani wewe ni wa nani?" Mbuzi akamwuliza.

"Wa msagaji. Alininunua mwaka wa nzige."

"Nasema humu ndani. Uko upande gani?"

"Upande nitakaowekewa pumba, ndugu yangu. Nimezunguka tangu alfajiri."

Wakanong'onezana kwamba huyu hana msimamo. Punda akaramba vumbi la vyungu, akarudi alikotoka. Jioni ya pili vivyo hivyo. Jioni ya tatu vivyo hivyo. Jioni ya nne hakuuliza chakula. Alisimama mlangoni, mbavu zake unazihesabu kutoka mbali.

"Pumba basi, kuleni," akasema. "Nawaomba neno moja tu. Nikianguka, msiniache jaani. Tuliahidiana."

Wote wakaapa. Kila kundi liliapa peke yake, kwa sauti kubwa, ili wale wengine wasikie.

Asubuhi, krrr, krrr, krr. Kimya. Punda ameangukia kwenye duara lake. Msagaji akamvua kamba, kwa kuwa kamba ilikuwa bado nzima, akamburuta jaani.

Makundi yakaja mbio. Walikuja, siwasingizii, na walilia kweli kweli. Kisha wakachimba. Mbuzi akachimba shimo jembamba la kwenda chini, kwa kuwa Korongo hulala wima, na mwamini azikwe wima. Bata akachimba refu la kulaza ubavu, lenye pahali pa kuinamisha kichwa. Kondoo akachimba pana lisilo na umbo, akasema Mwenye Anga hana haja na maumbo. Kufika adhuhuri makaburi matatu yako tayari. Punda ni mmoja.

Mbuzi akashika mguu. Bata akashika mkia. Kondoo akashika sikio. Vuta huku, vuta kule. Mbuzi akasema heri asizikwe kuliko azikwe kikasuku. Bata akasema jambo kuhusu mama yake Mbuzi ambalo mbele ya watoto silitamki. Jua likashuka. Kila kundi likaenda nyumbani limevimba, likingoja wengine waje kuomba radhi.

Fisi hakuwa na upande. Alikuja, akala, akaondoka.

Siku ya soko msagaji akanunua punda mwingine, jike kijana, mgeni wa mji. Jioni yake ya kwanza alipofunguliwa, makundi matatu yakamkimbilia. Kila moja lilimsifia upendo wa kwao. Akawasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

"Nasikia aliyenitangulia alikuwa mwenzenu," akasema. "Mlimzika wapi?"

Mbuzi akaonyesha kwa kwato, kule. Bata akaonyesha kwa bawa, kule. Kondoo akaonyesha kwa pua, kule.

Punda yule akaenda. Kwata, kwata. Akachungulia shimo la kwanza: majani makavu. Akachungulia la pili: majani makavu. Akachungulia la tatu: maji ya mvua na chura mmoja. Akawatazama, mmoja mmoja. Akageuka, akarudi kwa msagaji, akainamisha shingo afungwe.

Funzo lake ni hili, wakubwa na wadogo: waliopewa habari njema wakigombea aliyeileta, anayekufa njaa ni yule mnyonge aliyeiamini. Mkiitwa kula pamoja, mngojeni wa mwisho.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mashimo. Mwenye jembe akafukie.