Nywila Moja, Jina Moja

Sogeeni, nina shauri ambalo halijapata hakimu. Katika hospitali moja ya Tabora walikuwepo wanawake watatu. Nyamizi, muuguzi wa wodi ya wazazi, hakusahau uso wa mtu. Mwasiti, fundi wa kompyuta, alijua kupatanisha mifumo isiyoelewana. Bi Mashavu, karani wa masjala, aliona kosa ambalo wengine wamelipita.

Dawa, maabara, damu, mafaili: kila mfumo ulikuwa mtandaoni, nao ulikuwa na nywila yake. Siku moja mzazi aitwaye Sikitu alitokwa damu nyingi. Nyamizi akakosea nywila ya benki ya damu mara tatu, mfumo ukamfungia. Alipofunguliwa, Sikitu alikuwa ameshakata roho. Hakuna aliyemlaumu Nyamizi, ila yeye mwenyewe. Akamwendea mganga mkuu, akaomba mifumo yote ifunguke kwa nywila moja, naye akakubali.

Nyamizi akapita idara kwa idara, akaorodhesha watumishi wote na kazi zao, akiwafuta waliohama na waliofariki.

Mwasiti akaiunganisha orodha hiyo na mifumo minne, ili anayetambuliwa na mmoja apokelewe na yote. Mara mbili kazi hiyo ilikataa. Mara mbili akaibomoa, akaanza upya.

Bi Mashavu, siku ya majaribio, akagundua kuwa Nyamizi na muuguzi mwingine mwenye jina kama lake wamehesabiwa mtu mmoja. Huyu akiingia, yule anatolewa. Akasimamisha kazi hadi kila mtumishi atambuliwe kwa namba yake.

Mwezi uliofuata akaletwa mzazi mwingine, naye akivuja damu. Nyamizi aliandika nywila moja tu. Kundi la damu likaonekana, chupa zikafika. Mama akapona, na binti yake pia.

Siku ya saba baba wa mtoto akawajia wote watatu. "Dada zangu, nataka mwanangu aitwe jina la aliyemwokoa mama yake. Ni nani?"

Mwasiti alisema bila orodha asingekuwa na cha kuunganisha. Bi Mashavu akasema yeye alisahihisha tu kazi ya wenzake. Nyamizi akageukia dirishani.

"Kaka, usimpe langu. Tangu mwaka jana nilijua nywila zile zitatuulia mtu. Nikanyamaza, nisionekane mlalamishi."

Baba akabaki amesimama, mtoto mikononi. Aliyeorodhesha, aliyeunganisha, au aliyeona kosa? Na je, majuto yanamnyima mtu haki yake? Wewe ungempa mtoto jina la nani?