Machozi ya Ndovu na Mlango wa Mwisho

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa! Huyo aliyeitikia kwa nusu mdomo ni nani? Hadithi ya leo haiji kwa wavivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya, imekuja. Ipisheni ikae.

Hapo kale, kale ya kale, milima ilipokuwa ikiitwa inaitika, palikuwa na nchi iitwayo Ilalo. Juu ulisimama mlima wenye shimo kubwa kileleni. Chini lililala ziwa la magadi, jeupe, halinyweki. Katikati ukakaa mji wa Mfalme Mkwabi.

Watu wa Ilalo walikuwa na desturi moja, wakaishika kwa mikono miwili: kila kitu huanzia juu. Nyama ikichinjwa, ataanza mfalme, watafuata washauri, watafuata wenye ng'ombe, watafuata wakulima. Mgeni naye vilevile: mkubwa hulala kwa mkubwa, mdogo hulala kwa mdogo. Na mwisho wa wote walikuwa watu wa Munyuni, wachota chumvi wa kule ziwani. Kila asubuhi walipanda mjini na vikapu vyao, wakaingia kila jiko, hata jiko la mfalme, kisha wakashuka kwao. Nyama ikiwafikia, imekuwa mifupa. "Na mifupa si ina supu?" walisema watu wa mjini. Aliyeshiba hakosi maneno.

Basi mwaka mmoja akaingia Bi Harara.

Mnamjua? Bora msimjue. Ni mwanamke mrefu, nguo yake nyekundu, pumzi yake moto. Halali kitandani, hulala kifuani mwa mtu. Akilala, ngozi huota vipele, macho huwaka, kikohozi hakikatiki. Mtu mzima hupona kwa taabu. Mtoto mchanga haponi.

Na Ilalo mtoto hapewi jina mpaka atoke arobaini. Mwaka ule wachanga wengi walizikwa bila jina. Nyumba nyingi zililia, na mtu hajui amlilie nani.

Mfalme Mkwabi akamwita shangazi yake, Nyanzala, dada wa marehemu baba yake, mtunza kibuyu cha ukoo. Akamwambia, "Shangazi, mke wangu amejifungua mtoto wa kwanza. Panda mlimani kwa Ndovu."

Nyanzala akapanda. Akapita mashamba, akapita mianzi, akapita mawingu, akafika ukingoni mwa shimo. Akachungulia.

Jamani! Alidhani anaona kilima. Kilima kikavuta pumzi. Alikuwa Ndovu Jike, mkubwa mpaka miti imeota mgongoni mwake, na ndege wana viota kwenye miti ile. Nyanzala akapiga magoti.

"Hodi, Bibi."

"Karibu, binti ya watu. Umefuata machozi."

"Nimefuata machozi, Bibi."

Ndovu akasema, "Harara alinilia wanangu wote. Tangu hapo machozi yangu anayajua, hayavumilii. Aliyelamba tone, Harara hamgusi mpaka kufa kwake. Lakini sikiliza. Tone moja kwa ulimi mmoja. Mchanga asiyetoka arobaini asilambe, chozi langu ni zito, litamzamisha. Na uanzie pale anapolala Harara."

Akalia. Mlima mzima ukanyamaza, hata upepo. Chozi likashuka kama maji ya mvua kwenye paa, kibuyu kikajaa.

Nyanzala akarudi na maneno yale matatu, akayatoa mbele ya baraza. Mshauri mkuu, Mzee Luhende, akasafisha koo. Mtu huyu akisafisha koo, hata mbuzi hunyamaza.

"Tuanzie anapolala Harara," alisema. "Haya. Harara ni mgeni mdogo au mgeni mkubwa?"

"Mkubwa!"

"Ametingisha nchi nzima. Mgeni mkubwa hulala wapi?"

"Kwa mkubwa!"

"Basi tunaanzia kwa mfalme."

Kweli, kweli, wakasema wote. Kibuyu kikaanzia kwa mfalme. Mfalme akanywa kikombe. Washauri wakanywa nusu kikombe. Wenye ng'ombe wakanywa funda. Wakulima wakalamba tone. Kibuyu kikaisha.

Mtoto wa mfalme akafa kabla ya arobaini.

Mwaka wa pili Malkia akajifungua tena. Nyanzala akapanda tena, akapita mashamba, akapita mianzi, akapita mawingu. Ndovu akalia, kibuyu kikajaa. Maneno yakawa yaleyale: tone moja kwa ulimi mmoja, mchanga asilambe, uanzie anapolala Harara. Luhende akasafisha koo. "Labda mwaka jana tulikunywa kidogo," akasema. Safari hii walinzi wa mfalme wakanywa mara mbili, na mlango wa Malkia ukaoshwa kwa machozi. Kibuyu kikaisha.

Na mtoto wa pili naye akafa, bila jina, kama mwenzake.

Mwaka wa tatu Malkia akajifungua binti. Hakucheka, hakulia. Alimpakata tu, akatazama mlango. Nyanzala akamwona, moyo ukamkatika. Akachukua kibuyu bila kutumwa.

Akapita mashamba, akapita mianzi, akapita mawingu.

"Hodi, Bibi."

Ndovu akafumbua jicho moja. "Nimezeeka, binti ya watu. Mwaka huu sitakijaza."

Akalia. Chozi likaja polepole, likaishia nusu ya kibuyu. Juu ya mgongo wake ndege wote wakainamisha vichwa. Nyanzala akaogopa kwa woga asioujua, woga wa kuona kitu kikubwa kikichoka.

"Bibi," akasema, "nimefanya ulivyosema mara mbili, na mara mbili nimezika."

"Ulimwona Harara akilala?"

"Sikumwona."

"Basi ulifanya mlivyosema ninyi." Ndovu akashusha pumzi, mianzi ikalala chini. "Harara hana uwezo wa kuvuka kizingiti. Hubebwa. Na jua likizama akakosa kifua cha kulala, upepo unamchukua. Nenda ukaone nani anambeba. Mimi sina chozi jingine."

Nyanzala akashuka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipofika mjini, na pale njiani akamwona Bi Harara, mrefu, nguo yake nyekundu inafagia vumbi, na vumbi halitimki. Nyanzala akajibanza ukutani, akamfuata.

Harara akasimama mbele ya nyumba ya mfalme, akaimba:

"Hodi, hodi, wenye nyumba,
jua linazama, sina pa kulala.
Nani hajanywa? Nani hajanywa?"

Walinzi wakajibu bila kujua wanajibu nini, kama mtu anayesema usingizini: "Tumekunywa. Pita."

Akapita. Akaenda kwa Luhende. "Nani hajanywa?" "Tumekunywa. Pita." Akaenda kwa wenye ng'ombe. "Nani hajanywa?" "Tumekunywa. Pita." Akaenda kwa wakulima, mlango kwa mlango. "Tumekunywa. Pita."

Nyanzala akashangaa. Kumbe machozi yalifanya kazi! Kumbe hakuna mlango mjini uliomfungukia! Sasa huyu analala wapi?

Harara akashuka njia ya chumvi, mpaka Munyuni. Watoto walikuwa wanacheza ufukweni, miguu meupe kwa magadi. Akainama, akaimba taratibu, kama anayebembeleza:

"Nani hajanywa? Nani hajanywa?"

Kabinti kamoja, jina lake Kabula, kakainua uso, kakajibu kwa adabu zote: "Mimi sijanywa, Bibi."

Harara akatabasamu. Akaingia kifuani mwa Kabula kama moshi unavyoingia nyumba ya nyasi. Kabula akakohoa mara moja. Akakimbilia kwao, akavuka kizingiti, na Harara ndani yake.

Nyanzala akaketi chini palepale. Aliona yote sasa. Kesho mama yake Kabula atambeba mgongoni, kikapu cha chumvi kichwani, moja kwa moja mpaka jikoni kwa mfalme. Na jiko la mfalme limepakana na chumba cha Malkia. Mgeni mkubwa alikuwa analala kwa wadogo siku zote, naye Nyanzala alikuwa akimtafuta kwenye mazulia ya wakubwa.

Akapiga hodi. Akatoka mama yake Kabula, mwanamke mwembamba, jina lake Sikujua.

"Shikamoo, Shangazi. Umepotea njia?"

"Marahaba. Sikupotea. Mwanangu, kwa nini huku hamkunywa machozi?"

Sikujua akamtazama usoni, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Kilikuja kibuyu, Shangazi. Mara mbili. Kilipofika kwetu kilikuwa kinanuka dawa tu. Tulikinusa, tukashukuru, tukakirudisha."

Maneno yale yalimchoma Nyanzala kuliko matusi. Kibuyu kile alikibeba yeye kutoka mlimani. Mkononi anacho tena, nusu tu, na desturi inasema akipandishe kwa mfalme. Akikifungua huku, hakuna tone litakalofika juu. Akawakumbuka wale wachanga wawili wa mfalme aliowaosha kwa mikono yake kabla ya kuzikwa, hana hata jina la kuwaita.

Akasema, "Lete mtoto."

Akamtia Kabula tone ulimini. Kabula akapiga chafya, na Harara akamtoka, akasimama ukumbini akitetemeka kwa hasira, na kwa kuwa jua lilishazama angali kifuani, upepo haukumchukua, akakimbilia ziwani kungoja jua la kesho. Nyanzala hakugeuka kumtazama. Tone kwa ulimi, tone kwa ulimi, nyumba hadi nyumba. Tone la mwisho likaanguka kwenye ulimi wa Sikujua. Akakipindua kibuyu. Kikavu.

Asubuhi akasimama mbele ya mfalme na kibuyu kitupu, akasema ameanzia Munyuni.

"Shangazi!" Mfalme akanyanyuka. "Umeanzia chini? Umemuua mwanangu!"

"Mwanao hawezi kulamba. Ulitaka nani alambe kwa ajili yake?"

"Walinzi! Washauri!"

"Walishalamba. Walinzi walilamba mara mbili. Mwanao humkingi kwa kumnywesha Luhende, Baba. Unamkinga kwa kumnywesha anayemletea chumvi mama yake."

Luhende akasafisha koo. "Mfalme, rahisi. Tuwafungie. Mtu wa Munyuni asikanyage mjini."

"Uwafungie leo, wakiwa wamekunywa?" Nyanzala akauliza. "Mwaka jana hawakunywa, ukawafungulia kwa sababu ya mchuzi wako."

Luhende akatafuta koo la kusafisha, hakuliona.

"Mkwabi," Nyanzala akasema, na sauti sasa ikawa ya shangazi, si ya mtumishi. "Leo jioni Harara atakuja. Hana vifua vilivyobaki ila vya wachanga. Waite watu wa Munyuni. Wakae mlangoni kwako."

Mfalme akageukia chumba cha Malkia. Ndani alisikia binti yake akinyonya. Desturi za babu zake zote zilimkaa shingoni. Mwishowe akasema, "Waite."

Basi jua likaanza kuzama. Watu wa mjini walikaa kwenye vizingiti vyao, na watu wa Munyuni, miguu meupe, wakakaa kwenye kizingiti cha mfalme. Na Bi Harara akaja.

Akaimba mji mzima, na mji mzima ukajibu, "Tumekunywa. Pita." Penye mtoto mchanga, waliomzunguka wakajibu. Akashuka Munyuni, akakuta nyumba tupu. Akarudi mbio, jua limebaki ukucha. Akasimama mbele ya nyumba ya mfalme, akarefuka. Akarefuka mpaka kichwa chake kikagusa wingu, na wingu likawa jekundu. Watu wakahisi joto lake usoni. Hakuna aliyekimbia.

Safari hii hakuuliza nani hajanywa. Alijua. Akasema kwa sauti ya mgeni mkubwa:

"Mwenye nyumba! Desturi yenu ni mkubwa ampokee mkubwa. Toka unipokee!"

Mfalme Mkwabi alikuwa ndani, binti kifuani, mke ubavuni, jasho linamtiririka. Maisha yake yote mgeni mkubwa hakuwahi kuita asitoke. Mguu wake ukainuka wenyewe, na mtoto bado mikononi mwake. Malkia akamshika nguo.

Mguu ukarudi chini. Mfalme akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Leo mwenye nyumba si mimi. Waulize walio mlangoni."

 Kisha Sikujua wa Munyuni, mchota chumvi, mla mifupa, akainuka mlangoni pa mfalme, akamtazama Harara juu, juu, mpaka shingo ikaisha.

"Tumekunywa," akasema. "Pita."

Jua likazama. Upepo ukatoka mlimani, ukamchukua Bi Harara kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba, ukampeleka tusikokujua. Na huko juu, kutoka shimoni, ikasikika sauti ya Ndovu, mara moja tu, ndefu, ikatetemesha ziwa. Wengine walisema analia. Nyanzala alisema hapana, hiyo si sauti ya kulia. Ila hata yeye aliisikia huku machozi yakimtoka.

Binti akatoka arobaini. Mji ukakusanyika kusikia jina, na karamu siku hiyo ilianzia Munyuni. Mfalme akamwinua mtoto mbele ya watu.

"Anaitwa Sikujua," akasema. "Kwa jina la aliyesimama mlangoni pangu. Na kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

Hapo ndipo hadithi ilipolala, nami sitaiamsha. Mafunzo yake hayahitaji kusafishiwa koo: kinga inayoanzia kwa mkubwa haifiki, na mlango wa jirani uliouacha wazi ndio mlango wako.

Mimi nilikuwepo karamuni. Nilikaa mwanzo kabisa wa mkeka, kwa mazoea. Kumbe wameanza kugawa kutoka mwisho! Nilipata mifupa. Basi na nyinyi mnaonicheka, nendeni mkalale, na aliye na kikohozi kesho asije hapa kunikoholea. Atangulie kwa mganga.