Bi Kazija na Baragumu la Kimbunga

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kisiwa kidogo, aliishi bibi msokota kamba, jina lake Kazija. Utotoni mwake kimbunga kilimchukulia mama na ndugu zake wote. Akabaki peke yake.

Basi kila mvua zikikaribia, mchana kweupe, Bi Kazija alipuliza baragumu kuwazoeza watu kukimbia kimbunga. Puuu! Puuu! Watu waache jembe, waache chungu, wapande kilimani mpaka pangoni, walikoweka mitungi ya maji, mihogo mikavu na kuni. Na kila mwenye nguvu alipewa mtu wa kumbeba.

"Wako nani?" aliuliza Bi Kazija.

"Wangu ni babu Shomvi, asiyeona," alijibu Mbaruku seremala, huku amenuna. "Lakini bibi, umetuchosha! Mbingu safi, nasi twakimbizwa kama mbuzi!"

"Nitukane, mwanangu, lakini panda."

Wakapanda. Mwaka huu wakapanda, mwaka ule wakapanda, na kimbunga hakikuja.

Hata asubuhi moja bahari ikanyamaza. Ndege wakahama. Kisha upepo: vuu, vuuu, vuuuu! Minazi ikaanguka, pwaa! Baragumu likalia, puuu! Safari hii hakuna aliyenung'unika. Mbaruku akamtia babu Shomvi mgongoni, huyo, mbio!

Pangoni wakaulizana.

"Wako yupo?"

"Wangu yupo!"

"Wako yupo?"

"Wangu yupo!"

Mbaruku akageuka huku na huku. "Na Bi Kazija, ni wa nani?"

Hakuwa wa yeyote. Bibi alimgawia kila mtu mtu wake, yeye mwenyewe akajisahau. Na huko chini baragumu lilikuwa bado linalia.

Mbaruku akatoka. Upepo ukamwangusha, akatambaa. Akamkuta bibi amekumbatia ukuta wa kisima, maji yamemfika kiunoni.

"Umerudia nini, wewe? Babu Shomvi yuko wapi?"

"Yuko juu, anatafuna muhogo. Nimekuja kumchukua wangu."

Akamfunga mgongoni kwa kamba, akapanda naye.

Kimbunga kilipopita, hapakusimama nyumba hata moja. Lakini kaburi halikuchimbwa. Watu wakalia kwa furaha, wakamshika Bi Kazija mikono. Na kabla hawajajijengea wenyewe, walimjengea yeye. Mlango aliuchonga Mbaruku.

Wanangu, tujiandae jua likiwaka. Na anayetuhangaikia, naye tumhangaikie.

Hadithi yangu naiacha hapo. Mwenye wa kumshukuru, amshukuru angali hai.